Siku ya Kugeuza Joho

Jina langu nilikuwa nalo asubuhi ile. Nilipofika kufungua ofisi nililikuta limeandikwa mlangoni, nikalifuta vumbi kwa kiganja, nikaingia. Lilikuwa jina zuri tu, la mtakatifu fulani wa kike, shahidi, ambaye sikukuu yake huangukia katikati ya mvua. Zaidi ya hapo msiniulize. Siwafichi, mtu hawezi kuficha kitu ambacho hana. Niiteni Mwalimu, kama wote walivyokuwa wakiniita, tuendelee, maana sina subira na watu wanaosimama mlangoni mwa hadithi wakivua viatu polepole.

Chuo chetu cha sheria kiko juu ya kilima ambacho hakuna anayekumbuka kukipanda. Mtu hujikuta yuko juu tu, joho begani, anabishana. Wengine husema kilijengwa na wamisionari. Wengine husema wamisionari walikikuta kinafundisha, wakaongeza kanisa na jiko. Sijali. Ninachojua ni kwamba kwetu saa sita ya mchana haifiki mpaka Padri Gaudensi, Mkuu wa Kitivo, avute kamba ya kengele ya Malaika wa Bwana. Kuna siku alipitiwa, asubuhi ikaendelea kuwa asubuhi mpaka maharage yakaungua jikoni. Kuna siku mjadala haukumpendeza, akavuta kamba kabla umande haujakauka, na jua likajikokota mpaka utosini kama mtumishi aliyeitwa. Nasi, wasomi wa sheria, watu wa kugombania nukta na mkato, tuliinamisha vichwa tukasali. Hakuna aliyethubutu kuuliza, "Padri, saa sita gani hii?" Na angeulizwa angejibu jibu lake la siku zote: "Kitivo kimeona ni saa sita." Hakusema kamwe "nimeona". Nimekaa na mtu huyu vikao na vikao, sijawahi kulisikia neno "mimi" likitoka kinywani mwake. Hata jino lilipomsumbua, shavu limevimba mpaka jicho linafumba, alituambia, "Kitivo kina maumivu kidogo leo." Na sisi tukakipa Kitivo pole.

Sasa niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo mtaniona kichaa. Mwanafunzi akimaliza tasnifu, mtu wa kuishambulia si adui yake. Ni msimamizi wake, yule yule aliyemlea nayo. Tunaita Siku ya Kugeuza Joho. Msimamizi analivaa joho lake ndani nje, mishono na bitana vikionekana, anasimama mbele ya meza ya watahini na kuipiga ile kazi kwa nguvu zake zote. Joho likiwa limegeuzwa, maneno si yake, ni ya Kitivo. Kengele ikilia analigeuza tena, na kila alichokisema kinabaki sakafuni. Hakuna wa kumshika nacho. Lakini ole wake apige kwa kubembeleza. Tasnifu ambayo haikupigwa kweli huhesabiwa haikusimama, nayo huanguka bila kura. Na ole wake zaidi ashambulie akiwa amelivaa joho sawasawa, kwa sababu hapo anasema kwa jina lake mwenyewe, na hoja yake ikivunjwa, amevunjika nayo.

Kuvunjika kwetu si kufukuzwa. Laiti kungekuwa kufukuzwa! Ukumbini kuna ubao mrefu wa mninga uliobandikwa majina yetu sote, walimu na wanafunzi, kwa herufi za shaba. Aliyeanguka, jina lake linashuka. Hatolewi begi nje, hapigiwi makelele. Jina linashuka, na kabla ya chakula cha jioni hakuna anayemkumbuka. Mama yake kule nyumbani anapanga sahani pungufu bila kujua kwa nini ameipunguza. Kwenye ubao hubaki alama iliyokoza kidogo, pale ambapo jua lilikuwa halifiki.

Na mimi nilikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiniudhi siku zote. Kila asubuhi namimina chai vikombe viwili. Changu kina mchaichai, hakina sukari. Cha pili nakitia tangawizi nyingi, na tangawizi siipendi, inanichoma koo. Nakiweka mbele ya kiti kitupu ng'ambo ya meza, kinapoa, nakimwaga. Siku moja niliamua kuacha upuuzi huo, nikamimina kimoja tu; nililia mpaka tumbo likauma, mtu mzima mimi, wala sikujua namlilia nani. Kesho yake nikarudia vikombe viwili, nikanyamaza.

Vikombe vilikuwa mezani mwanafunzi wangu Epifania alipobisha hodi, siku yake ya kupigwa imefika.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba. Umekula?"

"Chakula hakishuki."

"Kishushe. Sipigi mtu mwenye njaa mimi, watasema nimekuonea."

Alicheka kidogo, akaketi ukingoni mwa benchi la ukutani. Kile kiti kitupu hakukigusa. Wanafunzi wangu hawakigusi, sijui nani aliwakataza. Epifania alikuwa msichana mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kujikuna nyusi anapofikiri, na nyusi moja ilikuwa karibu kwisha. Tasnifu yake ilianza na swali la kitoto. Aliziona zile alama ukutani akauliza, nani aliyeyashusha majina haya? Akaambiwa, Kitivo. Akauliza Kitivo kinakaa chumba gani. Wakamcheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia akaandike. Akaandika, miaka ikaja ikarudi ikaja tena, mpaka akafika kwenye sentensi moja iliyonikosesha usingizi: neno ambalo hakuna mtu anayesimama na kusema "mimi ndiye niliyelisema", neno hilo halimfungi mtu yeyote, hata likipigwa mihuri yote ya kilima hiki. Akaongeza kwamba Mungu mwenyewe, alipotoa amri kule mlimani, alianza kwa kujitaja. Alisema Mimi ni Bwana. Hakusema imeamuliwa.

"Mwalimu, utapiga kweli?" aliniuliza.

"Nisipopiga kweli umekwisha."

"Na ukipiga kweli?"

"Unaweza kwisha vilevile."

Akajikuna nyusi. "Nikianguka, utanisahau?"

"Usiniletee maswali ya kipumbavu asubuhi yote hii," nikamfokea. "Inuka, twende."

Niliogopa, ndiyo maana nilifoka. Nilimpenda mtoto yule kuliko nilivyowahi kupenda kitabu, na nilikuwa na hoja moja moyoni ambayo sikuwahi kumwonyesha. Hoja yenye sumu. Nilikuwa nimeiona mapema, nikaificha kama mama anavyoficha kisu, nikijiambia siku itafika ataiona mwenyewe. Hakuiona. Nililivaa joho ndani nje pale mlangoni, bitana nyekundu juu, na yeye akanisaidia kulikaza shingoni.

Ukumbini watahini walikuwa wameshakaa. Katikati Padri Gaudensi, katika joho lake ambalo halina ndani wala nje, kote linafanana. Kulia kwake Jaji mstaafu Ndimbo, mzee mwenye sauti nzito na masikio mazito. Kushoto Sista Skolastika, mwalimu wa sheria ya Kirumi, ambaye magoti yalikuwa yamemkataa siku nyingi na ambaye husinzia vikao vyote, rozari mkononi. Nyuma yao inaning'inia kamba ya kengele. Epifania akakalia kigoda cha watahiniwa, kile kifupi kinachomfanya kila mtu aonekane mtoto. Ubao wa majina ulikuwa juu ya kichwa chake.

Nikaanza. Jamani, nilipiga! Nilimuuliza juu ya mila, ambazo hazina mtunzi na bado zinamwoza binti na kumrithisha mwana. Nilimuuliza juu ya mikataba, juu ya kanuni za Kanisa, juu ya desturi za sokoni. Alijibu. Jasho lilimtoka akajibu. Nilimkaripia, nikamdhihaki, nikamwita mvivu wa kusoma, na kila tusi lilipita katika bitana nyekundu likatoka si langu. Nawaambieni ukweli, kuna utamu katika kusema usichokimiliki. Ulimi unakuwa mwepesi, unaweza kumchana mtu usoni ukaenda kula maharage yako. Nikaelewa mle mle, katikati ya sentensi, kwa nini watu wanapenda kuwa Kitivo. Niliuchukia utamu ule, lakini niliendelea, kwa sababu mtoto alikuwa anashinda.

Padri Gaudensi, ambaye huniita Daktari, akainua kidole.

"Daktari amepiga vizuri. Kitivo kimeridhika. Kuna jambo dogo tu." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kuungamisha. "Mtahiniwa anasema neno lisilo na mwenyewe halimfungi mtu. Sasa, mapigo haya yametoka katika joho lililogeuzwa. Hayana mwenyewe. Kwa kipimo cha mtahiniwa mwenyewe, basi, hayakumgusa. Hakupigwa. Na tasnifu ambayo haikupigwa..."

Hakumalizia. Hakuhitaji. Jaji Ndimbo alitikisa kichwa kukubali, akaanza kukusanya karatasi zake. Epifania alikishika kigoda kwa mikono miwili. Juu yake, kwenye ubao, herufi ya kwanza ya jina lake ililegea upande mmoja ikaning'inia.

Mtego. Loo, mtego mzuri! Akijitetea, anaivunja kazi yake. Akinyamaza, anaanguka. Mimi nikipiga zaidi ndani ya bitana hii ni kazi bure. Nani aliutega? Hakuna. Kitivo. Nani Kitivo? Wapi mlango wake nikaupige teke? Na huyu mtoto jioni hii atakuwa alama kwenye ubao, na mimi nitapita chini yake nikipiga miayo. Nitamwona njiani, atanisalimu, nitasema marahaba bila kugeuka. Mama yake atapunguza sahani. Hapana. Hapana, nasema. Nasema nani?

Na hapo ndipo tangawizi ilipopanda puani. Sikuwa nimeionja asubuhi ile, lakini niliinusa wazi, mle ukumbini, na ukumbi ukawa ukumbi ule ule ila mimi nilikuwa chini, juu ya kigoda, msichana, magoti yangu yamekutana, na mbele yangu mtu amesimama katika bitana nyekundu. Sikuuona uso. Niliona mikono tu, mikono mikubwa yenye madoa ya wino, ikilifungua joho taratibu shingoni, ikilivua, ikiligeuza. Kisha mikono ile ikatoweka, nikawa tena mimi niliyesimama. Nikajua kikombe cha pili ni cha nani. Jina lake sikulijua, na sitalijua. Nilijua tu kwamba alipenda chai kali na kwamba mimi nipo kwa sababu yake.

Nikalivua joho.

"Daktari," akasema Padri Gaudensi, "kengele bado."

"Najua."

"Ukilivaa sawasawa, Kitivo hakitaweza kukusaidia."

"Kitivo hakijawahi kumsaidia mtu, Padri."

Nikaligeuza, nikalivaa sawasawa, weusi wake wote juu. Lilikuwa zito ghafla, au ni mimi niliyekuwa mwepesi. Epifania aliinuka kwenye kigoda. "Mwalimu, usifanye hivyo."

"Kaa chini! Sijamaliza na wewe." Kisha nikasema, kwa jina langu, ambalo wakati ule nilikuwa nalo bado, na nililitaja lote, la ubatizo na la baba. "Mimi nasema hivi. Epifania, umewapa madhalimu zawadi. Umesema neno linamfunga mtu pale mwenyewe anaposema mimi. Nani anasema mimi kwa sauti kubwa kuliko dhalimu? Dhalimu hana haya, anatia sahihi kwa wino mwekundu, anapiga kifua. Kwa tasnifu yako amri yake inafunga. Na mama maskini aliyemwambia mwanawe asimwonee mdogo wake, kisha akafa, hawezi tena kusimama na kusema mimi. Kwa tasnifu yako neno lake limekufa naye. Umewafungulia wenye nguvu na umewanyamazisha marehemu. Mimi nakwambia kazi yako ni mbaya. Nijibu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yenye sumu, na niliiamini. Msidhani niliigiza. Kama ningeigiza isingekuwa pigo.

Epifania aliangalia ubao, akaona herufi yake imenyooka tena mahali pake, na mbali kidogo, kwenye safu ya walimu, herufi zangu zimeanza kutetemeka. Alielewa. Machozi yalimtoka bila kwikwi. Akisema jibu, ananifuta. Asiposema, anafutika yeye.

"Siwezi," akasema.

"Unalo jibu?"

"Ninalo. Limekuja sasa hivi."

"Basi litoe, mtoto! Usinionee huruma, utanitukana."

Alifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Sikusema kila anayesema mimi ana haki," alianza. "Nilisema anaweza kuulizwa. Dhalimu anapiga kifua, lakini mwulize, uone. Anaita askari. Anasema mimi pale tu ambapo hakuna wa kumjibu, na hiyo bado ni kujificha..."

Padri Gaudensi alikuwa amesimama. Mkono wake uliifuata kamba. Kengele ikilia kabla jibu halijaisha, jibu halihesabiki, hiyo nayo ni desturi yetu. Nikataka kupiga kelele, sauti haikutoka; vitu vyangu vilikuwa vimeanza kuondoka, na sauti ilikuwa ya kwanza. Lakini mkono mwingine ulikuwa umeshafika kwenye kamba. Mkono mdogo wenye rozari. Sista Skolastika alikuwa macho kabisa.

"Padri, saa sita haijafika."

"Kitivo kimeona imefika, Sista."

"Kitivo hakina mikono. Hii hapa ni mikono yako, naiona." Aliishika kamba kwa uzito wake wote, kikongwe yule. "Sema tu, mimi Gaudensi nasema sasa ni saa sita. Nitaiachia mara moja."

Padri Gaudensi akafungua kinywa. Tulimwangalia sote. Midomo yake ilikutana, kama ya mtu anayetaka kutamka herufi ya kwanza ya lile neno, ikabaki imekutana. Alijaribu tena. Kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe, kwa sababu niliona kwamba hakuwa anakataa. Alilitafuta hilo neno ndani yake mwote na hakulikuta. Akakaa chini, na asubuhi ikaendelea.

"Malizia, binti," akasema Jaji Ndimbo.

"Neno linafunga," Epifania akasema, sasa akinitazama mimi peke yangu, "pale aliyelisema anaposimama mbele ya yule anayemfunga, na kukubali kuvunjwa nalo. Kama wewe ulivyosimama, Mwalimu. Dhalimu hawezi kufanya hivyo. Na yule mama aliyekufa, mwanawe akisimama siku moja mbele ya wengine akasema, nami pia nasema hivyo, neno limepata kinywa. Halikufa. Lilikuwa linangoja."

Nikatafuta cha kujibu. Nilitafuta kwa uaminifu wote, nawaapia, kwa maana sipendi kushindwa na hasa sipendi kushindwa na mwanafunzi wangu mbele ya watu. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amenivunja vizuri, safi, na nilisikia furaha kubwa na hofu kubwa vikinipanda pamoja.

"Sina jibu," nikasema. "Umeshinda."

Kengele ikalia. Ni Sista Skolastika aliyeivuta. "Mimi Skolastika," alisema, na jua likapanda. Watu walisimama kusali. Herufi zangu zilikuwa zinashuka moja moja nyuma ya sala, zikigonga sakafu ya saruji, na Epifania alikuwa anapita katikati ya watu kunifuata, amenyoosha mikono, akiita jina. Nililisikia likiitwa. Lilikuwa jina zuri. Nikageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Alisimama mbele yangu akakunja uso. Akajikuna nyusi. Akanipita.

Tangu hapo siku zimekuja kwa mpangilio wao, na mpangilio huo siujui. Ofisi ni yake sasa, nami nakaa ng'ambo ya meza, kwenye kile kiti kitupu. Anafundisha vizuri ila ni mkali, wanafunzi wanalalamika. Leo kuna kijana ameingia na kazi yake, amekaa kwenye benchi la ukutani, na Epifania anaisoma huku anamimina chai. Nywele zake zina mvi pembeni, kwa hiyo labda muda umepita, au labda ni mwanga wa dirishani.

"Hapa umeandika Kitivo kimeona," anamwambia. "Kitivo ndiye nani? Mlete hapa akae, nimwulize."

"Mwalimu, ni namna tu ya kuandika."

"Namna yako mbaya. Kafute. Andika nani kaona, na kama ni wewe, sema ni wewe."

Kijana anaitikia kwa kichwa. Anaviangalia vile vikombe viwili, kimoja cha maziwa, kingine hakina maziwa wala sukari, mchaichai umeelea juu. "Mwalimu, hiki ni cha nani?"

Epifania anakitazama. Naona mkono wake unapanda kwenye nyusi, ukisita hapo.

"Sijui," anasema. "Usikiguse."

Anakisogeza mpaka ng'ambo ya meza, mbele ya kiti changu, na anakigeuza ili mkono wa kikombe uwe upande wangu wa kushoto, ninaoshikia.